Zulia Lisilotaka Kazi

Jumatatu, Machi 3

Nimepata daftari. Mwalimu, bibi mwenye nyumba hii ninayotunza bustani yake, alikuwa anapangua kabati. Alikuwa mkuu wa shule miaka ishirini na sita. Sasa amestaafu, ila kengele bado inalia kichwani mwake. Daftari ni la mahudhurio. Nusu limejaa majina ya watoto ambao leo wana vitambi. Nusu tupu. Akaniambia nikawashie jiko. Nimeliokoa. Mtu aliyeishia darasa la tano naye ana mambo ya kuandika, tena zaidi, maana hakuyamaliza shuleni.

Jambo la kwanza: mgongo. Leo nimefyeka mteremko ulio chini ya baraza. Wiki iliyopita niliufyeka. Wiki ijayo nitaufyeka. Nyasi za pale hazina adabu. Ukizipa kisogo zimefika gotini. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama miezi ishirini bila kwenda nyumbani. Mvunguni sijaona kitu!

Jambo la pili ndilo linaloniuma. Mke wangu kapiga simu mchana. Mjukuu wetu wa kwanza, aliyezaliwa mimi nikiwa huku na ambaye sijamtia machoni, ameanza kutambaa. Nilishangilia mpaka nikaangusha reki. Kisha mke wangu akaongeza kwamba anatambaa kwenda kwa babu yake. Nikasema babu yake niko huku. Akasema, yule mwingine.

Yule mwingine! Mkwe wangu, baba wa mume wa binti yangu. Yeye anakaa hatua hamsini kutoka kwa mtoto. Mimi niko mbali safari ya siku mbili kwa basi. Jioni mkwe mwenyewe kanitumia picha, mtoto kakaa juu ya tumbo lake kama mfalme. Chini kaandika: "Anakusalimu." Uongo mtupu. Mtoto hajui hata kama nipo.

Nikaenda kwa Mwalimu kuomba likizo. Akauliza sababu. Hapa niseme ukweli, daftari ni langu. Mjukuu sikumtaja. Niliona mjukuu si sababu nzito. Nikasema mjomba wangu ni mahututi. Mwalimu akavaa miwani, akafungua kitabu chake cha wafanyakazi, akanisomea kwamba mjomba huyo alifariki mwaka jana mwezi wa sita, akafariki tena mwezi wa kumi na moja. (Zilikuwa ruhusa za siku moja moja. Kulikuwa na mpira.) Akauliza safari hii marehemu anaumwa nini.

Nimerudi kwenye nyasi.

Jumanne, Machi 4

Wazo! Tena kubwa!

Nilitumwa sabuni. Nikapita kwa Mama Miche, anayeuza mimea kando ya barabara katika makopo na mifuko myeusi. Chini ya meza yake nikaona kitu kimelala ardhini, majani madogo, manene, yanang'aa, yameshikana kama mkeka. Nikamuuliza hukipogoa mara ngapi. Akasema hakipogolewi. Kinakimbilia pembeni, hakipandi juu. Kiangazi kijani, masika kijani. Kikishafunga ardhi, nyasi hazina pa kuchungulia. Yeye hukiita zulia. Halitaki kazi.

Halitaki kazi! Maneno matamu namna hii sijayasikia tangu posa yangu ikubaliwe.

Mama Miche aliendelea kuongea. Kitu kuhusu kumwagilia miezi ya mwanzo, kung'oa magugu kwa mkono, kusubiri misimu miwili ya mvua. Sikumfuatilia sana. Nilikuwa nimeshafika nyumbani, nimempakata mjukuu.

Nikamweleza Mwalimu. Pasipo na nyasi hapafyekwi. Pasipofyekwa, mfyekaji anaweza kusafiri. Akasema katika maneno yangu yote ya mwaka huu haya ndiyo ya kwanza kuwa na kichwa na miguu. Akatoa sharti. Siku atakayosimama barazani asione udongo hata wa kujaza kijiko cha chai, nina likizo ya wiki mbili. Akaliandika kitabuni. Nikatia sahihi.

Kirungu alikuwa anasikiliza. Huyu ni mlinzi wa geti. Nilimpa jina hilo kwa sababu husinzia kakumbatia rungu lake kama mtoto wa kulea. Tunalala naye chumba kimoja huko nyuma, dirisha moja, msumari mmoja wa kutundikia mashati. Naye anaitaka likizo, na Mwalimu haruhusu watu wawili kwa pamoja. Akanitakia heri. Sauti yake sikuipenda.

Alhamisi, Machi 6

Siku mbili nang'oa nyasi na mizizi yake. Kirungu katoa ushauri bure akiwa kitini. Kasema haraka haraka haina baraka. Nikamjibu kwamba na pole pole haina mjukuu.

Leo nimepanda miche themanini. Kwa Mama Miche ilionekana mingi, tukaibeba kwa mkokoteni. Mteremkoni imepotea! Imekuwa kama vifungo vilivyoshonwa kwenye blanketi. Kirungu akaja, akazunguka mara mbili, akasema amewahi kuona kichwa cha namna hii, cha mtu mwenye kipara aliyeuziwa dawa.

Mwalimu akatoka barazani na kijiko mkononi. Akatazama. Akasema udongo huu haujai kijiko, unajaza lori.

Nilimwambia asubiri. Nina fimbo, nimeichora alama. Nitapima kila asubuhi.

Jumapili, Machi 9

Ijumaa nilipima. Hakuna. Jumamosi nilipima. Hakuna. Leo mche mmoja umerudi nyuma, nadhani niliukanyaga nikipima.

Mke wangu kapiga. Mtoto sasa anashika kigoda na kusimama. Anatikisika kama mlevi, kisha anakaa kwa matako na kucheka. Wanasema karibu atatembea. Nikamsihi mke wangu wamzuie kidogo. Akaniuliza mtoto huzuiwaje. Nikasema wafiche kigoda. Akakata simu.

Nimekaa kwenye ngazi za baraza nikatafakari. Huko kwetu kiumbe kinatambaa kila siku, wala hakuna aliyekipa likizo kwa ajili hiyo. Huku nina viumbe themanini ambavyo kazi yake pekee duniani ni kutambaa, vimekaa!

Kinachokosekana ni chakula. Kesho natafuta mbolea.

Jumanne, Machi 11

Mfugaji wa kuku wa mtaa wa nyuma kanipa magunia manne, kafurahi kuyaondoa. Akanionya kwamba mbolea hii bado mbichi, ina moto. Niirundike kwa mwezi mmoja ipoe ndipo niimwage. Mwezi mmoja! Mtu huyu hana wajukuu. Nimeimwaga saa ile ile, yote, mpaka mikono ikanuka kama banda.

Kirungu kahamisha kiti chake upande wa pili wa geti.

Alhamisi, Machi 13

Mambo hayakwenda vizuri. Na mengine yalikwenda vizuri mno.

Harufu kwanza. Mwalimu amefunga madirisha yote na anatembea ndani na kitambaa puani. Kijana aliyeleta kifurushi cha vitabu alifika hatua kumi kutoka getini, akakirusha, akakimbia. Kilimpata Kirungu begani. Kirungu anasema deni hilo ni langu.

Miche nayo. Nusu imekauka kingo, imekuwa kahawia kama shati lililosahauliwa chini ya pasi. Mfugaji alisema kweli. Sitamwambia.

Lakini magugu! Ee Mola, magugu! Mbegu zilizolala miaka zimeamka kwa chakula hicho. Mteremko wote kijani! Nikajiuliza, kijani si kijani tu? Mwalimu alisema asione udongo. Hakusema aone nini.

Basi nikaiweka miwani yake juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo yeyote angeweza kuisahau, nikamwita barazani. Akasimama. Akasema anaona kijani kizuri sana. Moyo wangu ukaanza kufunga mizigo. Kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa miwani ya pili.

Walimu! Miaka ishirini na sita mbele ya watoto humfundisha mtu kubeba miwani mbili.

Amri ikatoka: magugu yote yang'olewe kwa mkono, mbolea ichanganywe na udongo, na maji yamwagwe asubuhi na jioni mpaka moto wake utulie. Ndicho alichokisema Mama Miche siku ile, ukiacha habari ya kuku. Nimeinama tena. Zulia lisilotaka kazi limenipa kazi kuliko nyasi!

Ijumaa, Machi 14

Picha nyingine kutoka kwa mkwe. Viatu. Vyekundu, vidogo, kamba nyeupe. Kaandika: "Nimemnunulia vya kutembelea."

Mtu mzima anashindana namna hii! Mimi nisingeweza.

Nimeenda kwa Mama Miche nimuulize kama ana zulia linalokimbia zaidi. Hana. Lakini nilimkuta anakata kingo za zulia lake lililovuka njia, anajaza magunia ya kwenda kutupa. Vipande virefu kama mkono, majani yake bado yanang'aa. Nikauliza vilikatwa lini. Akasema Jumatatu.

Jumatatu! Leo Ijumaa! Siku nne bila mizizi, bila maji, na vingali kijani kama vilizaliwa leo. Akasema ndiyo tabia yake, majani mazito, hayakubali kufa upesi.

Nimeomba magunia yote sita. Akauliza ya nini. Nikasema ya mbuzi. Akasema mbuzi hawali hiki. Nikasema mbuzi wangu ni wa namna yake.

Jumamosi, Machi 15

Imefanyika!

Mwalimu kila Jumamosi huenda kwenye mkutano wa walimu wastaafu, hunywa chai na kulalamikia vijana mpaka saa kumi. Alipotoka tu nikaingia mteremkoni. Nikavitandaza vipande kimoja baada ya kingine, kama mtu anayeanika nguo, kutoka juu hadi chini, kichwa cha kimoja juu ya mkia wa kingine. Palipoinuka nikakandamiza kwa mguu. Palipoonekana udongo nikaongeza kipande, nikatupia kiganja cha matope juu ya shina, lisiyumbe. Kisha maji, ndoo kumi na mbili, ili ling'ae.

Nikapanda barazani kutazama. Nusura nilie. Hata mimi niliyelitandaza nilidanganyika. Zulia! Ukuta hadi ukuta!

Kirungu kasimama pembeni na rungu lake. Kasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia njia yangu ni ya siku mbili kwa basi, na tiketi nakata Jumatatu.

Jumapili, Machi 16

Mwalimu katoka na kijiko. Kavaa miwani, na ile nyingine kaishika mkononi. Katembea baraza lote, kushoto, kulia, kainama juu ya kizuizi. Nilihesabu pumzi zangu.

Akauliza zulia limefikaje hapo tangu juzi. Nikasema mbolea. Akauliza mbolea ile ile iliyounguza? Nikasema ilikuwa inajiandaa.

Akanitazama kwa macho ambayo nadhani yaliwatoa machozi watoto wengi. Kisha akasema sawa. Haoni udongo. Sharti ni sharti. Jumatano nina ruhusa ya kuondoka.

Nilirukaruka! Akaongeza tu kwamba Jumanne atawaalika wenzake waje kuona ajabu hili. Nikasema karibu sana, waje wote.

Nimempigia mke wangu. Kasema mtoto ameachia kigoda, amesimama peke yake mpaka mtu akahesabu sita. Nikamwambia amshike. Nakuja!

Jumanne, Machi 18

Siandiki mengi leo.

Walikuja wanne. Watatu walisifu kutoka barazani, chai mkononi. Wa nne alikuwa mzee mwembamba mwenye mkongojo, aliyefundisha sayansi. Huyo hakusifu. Aliteremka. Nikamwambia pana utelezi, mzee wangu. Akasema asante mwanangu, akaendelea. Akaingiza ncha ya mkongojo chini ya zulia, akainua. Likainuka kama shuka. Kipande kirefu kikaning'inia juu ya mkongojo, mkia wake mkavu, safi, hauna hata unywele wa mzizi.

Akamgeukia Mwalimu, akasema kwa upole kabisa, "Mwenzangu, hili zulia halijashonwa."

Walicheka! Watu wazima, wastaafu, wenye pensheni! Mmoja alimwaga chai. Kirungu kule getini alicheka mpaka rungu likamwanguka, na yeye alikuwa mbali, hakusikia hata kilichosemwa. Alicheka tu kwa kuniona uso.

Mwalimu peke yake hakucheka. Wala hakushangaa. Nadhani alijua tangu Jumapili na akanipa kamba nijifunge mwenyewe. Akatoa hukumu hapo hapo barazani. Moja, likizo imefutwa. Mbili, Kirungu ataondoka kwanza, wiki moja, na mimi nitakaa getini badala yake. Tatu, niyakusanye majani yale yote nikayatupe. Nne, niandike mara mia moja: Mmea una mizizi.

Nina miaka hamsini na mbili.

Jioni mvua imeanza.

Ijumaa, Machi 21

Mmea una mizizi. Mmea una mizizi. Mmea una mizizi. Mmea una mi

Hapo nilisinzia. Nimemaliza na kupeleka. Mwalimu kahesabu kwa kalamu nyekundu, kasema ni tisini na saba. Nikamwandikia tatu nikiwa nimesimama mbele yake. Akanirekebisha herufi.

Mvua bado. Majani sijayakusanya. Nani anakusanya majani kwenye mvua?

Kirungu anaondoka kesho. Alikuwa anakunja mashati yake, akaiona simu yangu kitandani, picha ya viatu vyekundu. Akauliza ni nani. Nikamwambia. Akauliza kama hii ndiyo sababu ya mambo yote haya. Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini nilimpeleka mjomba kwa Mwalimu badala ya mtoto. Nikamwambia mambo ya mkakati hawezi kuyaelewa. Akatikisa kichwa, akaniachia msumari wote.

Jumatano, Machi 26

Geti si kazi mbaya. Kiti cha Kirungu kina shimo lililofanana na mtu, ukikaa linakupokea. Nimeelewa kwa nini husinzia. Leo niliamka na nikajikuta nimekumbatia rungu.

Mvua inanyesha kila alasiri, inaacha asubuhi. Mwalimu kauliza kuhusu majani. Nikasema kesho. Jana nilisema kesho. Mlinzi hawezi kuacha geti hivi hivi!

Mtoto bado hajapiga hatua. Mke wangu anasema anasimama, anawatazama watu mmoja mmoja kama hakimu, kisha anakaa. Anasubiri kitu. Nadhani ananisubiri mimi.

Jumatatu, Machi 31

Kirungu karudi jana, kanona. Leo asubuhi Mwalimu kaniita barazani, kanyoosha kidole mteremkoni. Sasa. Mbele yake.

Nikachukua gunia, nikainama, nikashika kipande, nikavuta.

Hakikuja.

Nikavuta tena. Kimekataa! Nikashika kingine, nikatia nguvu, kikatoka na bonge la udongo, na chini yake mizizi myeupe, membamba, mingi kama ndevu za mahindi. Cha tatu hivyo hivyo. Vingine vilikauka, sisemi uongo, labda theluthi moja. Lakini vilivyobaki vimeshika! Kila kifundo kilichogusa matope kimetoa mizizi yake. Mbolea imepoa. Mvua imefanya mengine. Na ile miche themanini ya kwanza, hata niliyoiona imeungua, imechipua katikati na inapigana mabega na hii.

Nilipaza sauti mpaka Kirungu akaja mbio na rungu juu, akidhani ni nyoka.

Mwalimu kashuka ngazi, jambo ambalo halifanyi. Kavuta mwenyewe. Akauliza kama nilijua kwamba itakuwa hivi. Nikasema bila shaka, Mwalimu, lilikuwa jaribio. Kirungu akakohoa.

Akampigia simu yule mzee wa mkongojo. Nilisikia akimwambia, "Amelala wiki mbili, mvua imempandia." Huko upande wa pili mzee alicheka sana. Baadaye Mwalimu kaniambia mzee anasema mmea huu hushika popote ulipolala, mradi usisumbuliwe, na kwamba ningeyakusanya siku niliyoamriwa, leo tungekuwa na udongo mtupu.

Yaani uvivu wangu ndio uliookoa bustani! Ninaliandika hapa mara moja tu, ila kwa herufi kubwa: UVIVU.

Jumanne, Aprili 1

Mwalimu kaniita tena. Mezani palikuwa na kitabu cha wafanyakazi, na kijiko. Akasema mteremko bado una udongo wa vijiko kadhaa, ameuona. Nikaanza kueleza. Akainua mkono.

Akasema ameambiwa habari ya mjukuu. Kirungu kamwambia! Alimweleza kila kitu, kutambaa, kigoda, viatu. Mwalimu akauliza kwa nini miezi yote hii sikufungua mdomo. Nikamwambia niliona mgonjwa ana uzito zaidi. Akavua miwani, akaifuta, akasema, "Bwana wewe, mjomba wako amekufa mara mbili. Huyu mtoto atapiga hatua ya kwanza mara moja tu. Kipi kizito?"

Akasema niondoke Alhamisi, wiki mbili, zulia litajitunza. Kirungu kajitolea kung'oa magugu yatakayochungulia. Kajitolea! Si bure. Anautaka msumari.

Nimempitia Mama Miche kumuaga. Nimebeba gunia moja la vipande. Kauliza kama ni la mbuzi yule yule.

Jumapili, Aprili 6

Nimefika nyumbani jana jioni, vumbi mpaka kwenye nyusi, gunia kichwani.

Walikuwa wote uani. Mke wangu, binti yangu, mkwe na tumbo lake. Katikati, amesimama peke yake, viatu vyekundu, mjukuu wangu. Ana masikio yangu! Hajatembea bado, walisema wote. Nilikuwa nimewahi!

Nikatupa gunia, nikapiga magoti, nikafungua mikono, nikaita. Akanitazama. Akatazama gunia. Akatazama tena uso wangu, miezi ishirini ya jua. Kisha akapiga yowe, akageuka, na akatembea. Hatua moja, mbili, tatu, nne, tano, mpaka kwenye miguu ya mkwe.

Watu walipiga makofi. Binti yangu alilia kwa furaha. Mkwe kambeba, kanisogelea, kanipa mkono, kaniambia pole na safari, na kwamba wiki nzima walikuwa wanamshawishi atembee bila mafanikio. Kasema nimekuja na baraka.

Nimeshuhudia hatua za kwanza za mjukuu wangu. Zote alizipiga kunikimbia.

Usiku nilikasirika. Asubuhi nimecheka. Alasiri nimepata wazo. Kubwa!

Uwanja wa mkwe ni wa saruji. Mtoto akianguka pale anaumia. Wangu ukiwa na zulia, laini, kijani, ataanguka bila kulia, na atakuja mwenyewe. Mke wangu alikuwa na matuta ya vitunguu mbele ya mlango. Nimeyaondoa. Nimetandaza vipande vyote na kumwaga maji. Mke wangu karudi kutoka kisimani, katua ndoo, kauliza vitunguu viko wapi. Nikamwambia kufikia Ijumaa hataona udongo hata wa kujaza kijiko, na kwamba halitaki kazi. Kauliza kama vipande vina mizizi. Nikasema itaota yenyewe.

Amekwenda kwa binti yetu. Atarudi akipoa.

Tatizo ni moja, muda. Wiki mbili hazitoshi kwa zulia, wala kwa mtoto. Leo kanitazama mara mbili bila kulia, na mara moja kanirushia kiatu, nadhani kwa mapenzi. Nahitaji wiki moja zaidi. Nikafikiria kumweleza Mwalimu ukweli wote kama alivyonifundisha, mtoto, viatu, hatua tano. Lakini hiyo sababu ameshaisikia.

Nimemwandikia ujumbe kwamba kumetokea msiba mzito, mjomba amefariki. Nimeutuma dakika hii. Simu yangu iliisha chaji njiani, ila si neno. Mjomba kaniazima yake.